Daftari la bibi, mwili wangu: nianzie wapi?

Assalaam alaykum wapendwa wa safu ya ushauri,

Mimi ni mchoraji, mzaliwa wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia. Vita vilipotutoa kwetu mwaka 1991 nilikuwa mtoto wa kubebwa. Tuliingia Mombasa kwa jahazi, tukakaa kambini, na sasa naishi London. Marehemu bibi yangu aliacha daftari la steenzi, yaani tenzi, za Chimiini, lugha yetu ya Barawa, alizoziandika kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ya kuchovya. Herufi nazijua, nilipita chuoni utotoni, lakini mwandiko wake nausoma kwa kukwamakwama.

Nataka kutengeneza picha za urefu wa mtu ambamo mwili wangu na mwandiko wake vinakutana. Kila njia ninayojaribu inanigomea. Kwenye kanvasi wino unatambaa na herufi zinavimba; nikitumia wino mzito, ukikauka unapasuka. Niliandikwa beti mgongoni kwa hina, zikatoka rangi ya chungwa hafifu hata kamera haizioni. Rafiki ananishauri nitumie piko, ile rangi nyeusi ya kujipambia.

Mama naye hataki kabisa. Anasema maneno ya dini hayaandikwi juu ya mwili wa mwanamke yakaenda kutazamwa ukutani. Msimamizi wa jumba la maonyesho, kwa upande wake, anasema si lazima maandishi yasomeke, mradi yaonekane ya Kiarabu. Ninapofanyia kazi ni chumba kimoja cha kupanga. Nianzie wapi?

Mwana wa Barawa, London

Wa alaykumu salaam, dada yetu,

Anzia kwenye daftari, na rangi zisubiri kwanza. Shida ulizozitaja zinaonekana nyingi, lakini ya wino, ya hina na ya msimamizi zinatoka mahali pamoja: unataka herufi za bibi zifanye kazi kubwa kabla hujazijua. Kupasuka kwa wino kunatibika kwa siku moja. Herufi isiyojulikana vizuri haitibiki kwa rangi yoyote.

Kwanza lilinde daftari lenyewe. Lipige picha au liskani kurasa zote kwa dpi 600 (pikseli 600 kwa kila inchi), ukurasa mmojammoja, bila kulibana lilale bapa, maana uti wa daftari kuukuu hukatika pale pale kwenye mshono. Usilibandike kwa selotepu na usilifunike kwa plastiki ya moto. Gundi ya selotepu huacha doa la kahawia lisilotoka, na plastiki ya moto haibandukiki tena. Baada ya hapo fanya kazi kwa nakala tu.

Kukwamakwama kwako kuna sababu. Katika hati za kale za pwani irabu tano hubebwa na alama tatu: fatha husimamia a, kasra husimamia i na e, dhamma husimamia u na o. Ba hubeba b, p na mb. Dali hubeba d na nd. Kwa hiyo ba na ta zenye fatha juu yake zaweza kusomwa bata, pata au mbata. Msomaji wa zamani hakubabaika, kwa kuwa utenzi alikuwa nao moyoni na maandishi yalikuja kumkumbusha tu. Tafuta mtu mzima anayezikariri steenzi hizo. Huko London na Manchester wapo akina mama wa Barawa wanaozijua, na wengine wanazo za Dada Masiti, mtunzi wa Barawa aliyefariki mwaka 1919. Mrekodi kwa simu akisoma huku wewe ukifuata mstari kwa mstari, kisha chini ya kila mstari andika kwa herufi za kirumi alichotamka. Usimsahihishe bibi kwa kuongeza nukta tatu za pe na che mahali ambapo yeye hakuziweka. Herufi zilizotimilizwa, yaani za Kiarabu zilizoongezewa alama za sauti za Kiswahili, ambazo Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, alizishughulikia, zitakufaa kwa maandishi yako mapya. Mwandiko wake uache ulivyo.

Na kwa kuwa uko London, omba miadi kwenye maktaba ya SOAS, chuo kikuu cha hapo London, uone hati za Kiswahili zilizohifadhiwa pale, zikiwemo alizonakili Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyekuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchonga mbao. Nenda na penseli na daftari. Tazama anavyobana herufi mwisho wa mstari na anavyogawa nafasi kati ya vipande vya ubeti. Hayo hayamo kwenye vitabu vya khati, sanaa ya mwandiko wa Kiarabu, vya Istanbul wala Cairo, na ndiyo ya kwenu.

Sasa tuje kwenye kipimo, na hapa tunakuomba utulie, maana ndipo picha zako zilipo. Khati ya Kiarabu hupimwa kwa nukta, ile alama ya msambamba inayoachwa na kalamu ikigusa karatasi na kuvutwa upana wake mwenyewe. Kanuni hii inanasibishwa na Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, ambaye alikatwa mkono wa kulia gerezani, na inasimuliwa kwamba aliendelea kuandika kwa kufunga kalamu kwenye kigutu. Alifu ya thuluthi, mtindo wa maandishi makubwa, husimama nukta 7. Ya naskhi, mtindo wa vitabu, hupungua, mara nyingi 5. Lakini bibi yako hakuandika thuluthi ya msikitini. Aliandika mkono wake, na mkono huo una uwiano wake unaopimika.

Chukua skani, chagua alifu kama ishirini zilizosimama peke yake, zisizoungana na herufi ya nyuma. Kwa dpi 600, pikseli 236 ni sentimita moja. Pima urefu wa kila alifu, kisha pima nukta za herufi zake nyingine kutoka ncha ya juu hadi ncha ya chini. Zipange kwa ukubwa uchukue ya katikati, usichukue wastani, kwa sababu alifu mbili tatu za mwanzo wa ukurasa huwa ndefu kwa madaha na zitakupotosha. Gawa urefu wa alifu kwa urefu wa nukta. Nibu ya chuma ikiwa ngumu mno, nukta zake zitakuwa za mviringo na hazina ncha. Hapo pima unene wa sehemu nene kabisa ya herufi ba, uzidishe kwa 1.41, utumie hiyo badala ya nukta.

Tuseme uwiano umetoka 6. Wazee wetu walipima kwa mwili: pima ni mikono iliyonyooshwa kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, na huwa karibu sawa na kimo cha mtu, robo ya pima ni dhiraa, kiwiko hadi ncha ya kidole, nusu ya dhiraa ni shibiri. Kama kimo chako ni sentimita 161, alifu ya kimo chako ikigawanywa kwa 6 inakupa nukta ya karibu sentimita 27, na ukiigawa kwa 1.41 unapata upana wa kalamu, sentimita 19. Alifu ya dhiraa, sentimita 40 na robo, inataka kalamu ya karibu sentimita 4.8. Ya shibiri inataka ya sentimita 2.4. Kwa saizi hizo tatu, urefu wa herufi umetoka mwilini mwako na umbo lake limetoka mkononi mwa bibi. Mwili umeshaingia kwenye picha kabla hujapaka kitu kwenye ngozi. Kwa maoni yetu hii ina nguvu kuliko mgongo ulioandikwa, ambao watu wameshauona mara nyingi.

Kalamu ya sentimita 2.4 utaichonga kwa kipande cha mwanzi mnene, ukikata ncha mshazari wa nyuzi 30 hadi 40 na kuipasua katikati kidogo ili wino ushuke. Ya 4.8 ni ubao mwembamba uliovikwa felti. Ya 19 ni vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 3 vilivyobana felti ya milimita 5, felti ikichomoza milimita 3, na mpini wa fagio. Ikichomoza zaidi ya hapo hujikunja na ukingo wa herufi huchafuka. Jizoeze kwa maji kwenye sakafu ya saruji uani: maandishi hukauka yenyewe, hupotezi karatasi, na unaona kosa kabla halijafutika. Alifu ya kimo huandikwa kwa miguu. Simama chini yake, weka kalamu juu kabisa, urudi nyuma kwa hatua ndogo mkono ukiwa umekazwa kifuani. Ukiuachia mkono usogee peke yake, mstari utapinda kuelekea upande wa mkono unaoandikia.

Chumba kidogo si kikwazo. Karatasi sita za A2, mbili kwa upana na tatu kwa kimo, zinakupa sentimita 84 kwa 178, na zikishakauka zinalala kwenye jalada moja chini ya kitanda. Ibrahim El-Salahi, mchoraji wa Sudan aliyefungwa Khartoum mwaka 1975 bila kushtakiwa na baadaye kuishi ng'ambo, kazi yake kubwa ya 1984 hadi 1985 aliijenga kwa vipande tisa vilivyounganishwa. Ziunge karatasi zako kwa utepe wa karatasi upande wa nyuma, uziandike namba, na usizitenganishe kabla wino haujakauka kabisa. Wino hupenya kwenye maungio na kuacha mstari mweusi ukingoni. Kalamu kubwa humwaga wino mwingi inapogusa tu, basi ikamue kwenye ukingo wa beseni mpaka isidondoke.

Kuhusu kutambaa na kupasuka. Nyuzi za kanvasi tupu hunyonya maji ya wino, na wino hufuata uzi badala ya kufuata kalamu. Ukizidisha gundi ili usitambae, wino unakuwa mgumu juu ya kitambaa kinachonyumbuka, ndiyo maana unapasuka. Chagua moja. Ukitaka kitambaa, kibandike kwenye ubao, pake geso nyembamba, ile rangi nyeupe ya msingi, mara nne, kila ikikauka piga msasa namba 320 na mwisho 400, halafu tumia wino wa akriliki, ambao unanyumbuka. Kalamu ya mwanzi italika upesi kwa sababu geso ina unga wa chokaa, kwa hiyo andika kwa brashi bapa. Ukitaka wino wa masizi, rudi kwenye karatasi.

Wino huo utengeneze hivi. Loweka gundi ya mgunga usiku kucha kwenye maji mara mbili ya uzito wake, uchuje. Pima masizi laini nusu ya uzito wa gundi kavu, yaloweshe kwanza kwa matone ya spiriti kwa kuwa masizi hukataa maji, kisha saga pamoja kwa kinu kidogo muda mrefu kuliko unavyodhani inatosha. Tia karafuu mbili kuzuia ukungu. Jaribu: ukikauka na kidole kikatoka cheusi, gundi imepungua, ukimetameta na kupasuka, imezidi. Kabla ya kuandika, karatasi ipakwe ute wa mayai. Mayai matatu, koroga ute kwa kipande cha shabu mpaka povu lisimame, acha lishuke hadi kesho, chuja, pake mara mbili, kisha isugue kwa jiwe laini ndani ya wiki moja. Ukichelewa, tabaka huwa gumu na hupasuka chini ya jiwe. Iache ipumzike miezi kadhaa ukiweza. Wino hautazama ndani ya karatasi hii, utakaa juu, na kidole chenye unyevu kinaufuta. Wewe uliyepita chuoni unajua ubao ulivyokuwa ukioshwa ili kuandikwa somo jipya. Una hapa njia ya kuonyesha kusahau bila kuchora picha ya kusahau: andika mstari, ufute nusu, andika mwingine juu yake.

Tusikufiche kuhusu piko: usiitumie. Weusi wake hutokana na kemikali ya parafenilinidiamini, rangi ya nywele ambayo sheria ya Uingereza hairuhusu ipakwe kwenye ngozi. Inaweza kutoa malengelenge na kovu lenye umbo la maandishi yenyewe, na mwili ukishaikataa mara moja, hata rangi ya nywele ya kawaida inaweza kukudhuru baadaye. Hina yako ilitoka hafifu kwa sababu ya mahali. Hina hukolea kwenye viganja na nyayo, ambako ngozi ya juu ni nene. Mgongoni ni nyembamba. Ukiitaka bado, iwe kwenye mkono na kiganja: gramu 100 za unga uliochekechwa, ndimu ya kutosha kuwa uji mzito, gramu 30 za sukari, mililita 30 za mafuta ya mkaratusi au lavenda. Kwenye nyumba ya baridi iache usiku na mchana ndipo itoe rangi, ikae kwenye ngozi saa 6 hadi 8, usiguse maji siku moja, na upige picha siku ya pili au ya tatu, maana siku ya kwanza huwa ya chungwa tu. Ukipaka kwa koni hutapata unene na wembamba wa herufi. Funga penseli mbili pamoja, uandike nazo kwenye karatasi, zitakuchorea kingo mbili za herufi. Zihamishe kwenye ngozi, kisha ujaze kwa hina.

Mama yako, dada, ana haki ya kusikilizwa, tena anajua jambo. Pwani hatujawahi kutenga neno na mwili. Kombe huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, likaoshwa kwa maji ya marashi na mgonjwa akanywa. Leso huvaliwa kiunoni na jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, na leso za mwanzo zenye maandishi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kinacholindwa ni adabu: nani ameandika, kwa tohara gani, neno linawekwa wapi na linakanyagwa na nani. Wewe utaandika sakafuni ukipita juu ya karatasi, picha zitasafirishwa na watu wasiojua, zitatundikwa mahali usipopachagua. Kwa hiyo aya, jina la Mwenyezi Mungu na la Mtume yasiwemo. Steenzi nyingi huanza kwa bismillahi na sala, basi beti za mwanzo ziache daftarini. Tazama mwisho, ambako kwa desturi mtunzi au mnakili hujitaja, pengine na mwaka na mji. Kama bibi aliandika jina lake, hilo ndilo neno la kuliweka kwa ukubwa wa kimo chako. Kaa na mama mpitie mistari pamoja, naye achague ile inayofaa.

Na kama unataka alama ya mwili yenyewe bila kuuonyesha, tumia leso. Tandika blanketi jembamba, weka karatasi zilizoungwa juu yake. Pakaza leso rangi ya akriliki nyembamba kwa rola, ukitia dawa ya kuchelewesha kukauka, ilaze upande wa rangi ukiwa chini, funika kwa nailoni, ulale juu yake dakika mbili bila kujigeuza. Mtu wa pili akusaidie kuinuka wima. Ukibiringika, alama inasuguka. Mabega, nyonga na visigino vitatoka vyeusi, kiuno na nyuma ya magoti vitabaki vyeupe, na pindo la leso litaonekana. Nakala ya pili, kwa rangi iliyobaki kitambaani, mara nyingi ni nzuri kuliko ya kwanza. Andika kabla ya kupiga alama, kwa wino wa akriliki. Wino wa masizi utayeyuka chini ya rangi mbichi, nawe utumie hilo pale tu unapotaka neno lipotee.

Msimamizi mjibu kwa upole ila usimkubalie. El-Salahi alizivunja herufi mpaka zikawa viwiliwili na wanyama, lakini alikuwa amejifunza kuziandika katika chuo cha baba yake Omdurman, akajua anavunja nini. Wewe bado unalisoma daftari. Peleka picha na kibandiko chenye mistari mitatu: maneno kwa herufi za kirumi, tafsiri ya Kiingereza, na maelezo kwamba lugha ni Chimiini cha Barawa. Akisema kibandiko kinaharibu ukuta, omba nafasi hiyo iandikwe kwenye mkataba kabla hujatoa kazi. Na jina la bibi liwekwe hapo kama mwandishi, kando ya lako.